Pweza wa mchana na miamba anayoishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tunamzungumzia pweza yupi?

Octopus cyanea, pweza mkubwa wa miamba ya matumbawe. Makazi yake yanaanzia mwambao wa Afrika Mashariki na Bahari ya Shamu, yanapita Madagascar na visiwa vya Bahari ya Hindi, yanavuka Asia ya Kusini Mashariki na kaskazini mwa Australia, hadi Hawaii. Aliyempa jina hilo la kisayansi ni mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, John Edward Gray, mwaka 1849. Kiwiliwili chake, yaani ule mfuko ambao wengi hudhani ni kichwa, hufika sentimita 16 hivi, na minyiri yake sentimita 80. Ukimkuta wa kilo nne, huyo ni mkubwa kweli.

Nitamtofautishaje na pweza wengine?

Usimtambue kwa rangi. Rangi utakayoiona sasa hivi itakuwa imebadilika kabla hujamaliza kumwonyesha mwenzako. Tazama chini ya jicho, pale minyiri inapoanzia: kila upande ana doa jeusi la mviringo, kama jicho la bandia. Pweza wengine kadhaa wa maji ya joto wana doa la namna hiyo likiwa na pete ya buluu inayong'aa ndani yake. Huyu hana pete hiyo. Akitulia doa hufifia, akishtuka hukoza, kwa hiyo vuta subira kidogo.

Kwa nini anaitwa wa mchana?

Kwa sababu pweza wengi hutoka usiku, naye hutoka kukiwa na mwanga. Shughuli zake hukolea zaidi alfajiri na jioni jua likielekea kuzama, lakini hata saa nne asubuhi unaweza kumkuta akipekua mawe. Usiku hujifungia ndani. Ratiba hiyo ina gharama yake: mchana kila adui mwenye macho anamwona. Ustadi wake mkubwa wa kujificha unaeleweka vizuri zaidi ukilikumbuka hilo.

Anaishi sehemu gani hasa ya pwani?

Popote kwenye mwamba wenye matundu. Utamkuta kwenye uwanda wa mwamba unaobaki na vidimbwi maji yakipwa, kwenye ukingo ambako mawimbi huvunjikia, na kwenye mteremko wa nje hadi kina cha mita 45 hivi. Huenda pia kuwinda kwenye nyasi bahari zilizo jirani na mwamba, kisha hurudi.

Ila jambo moja linatawala mengine yote, nalo ni shimo. Pweza hana gamba, hana miiba, hana mifupa. Mwili wake wote ni nyama laini inayotamaniwa na kila mnyama mla nyama wa baharini. Sehemu pekee ngumu mwilini mwake ni mdomo, unaofanana na wa kasuku, na kadiri mdomo huo unavyopenya ndivyo mwili mzima unavyopenya. Kwa hiyo hutafuta tundu lenye mlango mwembamba na tumbo pana, akalipanua kwa kutoa mchanga na kokoto kwa minyiri na kwa kupuliza maji. Akishaingia, huvuta mawe na vipande vya matumbawe akaziba mlango kwa ndani.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayeuliza idadi ya pweza katika pwani fulani anapaswa kwanza kuuliza idadi ya matundu. Mwamba uliovunjika ukawa kifusi bapa, hata maji yake yakiwa safi namna gani, ni nyumba isiyo na vyumba.

Nitajuaje kwamba tundu lina mwenyewe?

Anza kwa kutazama takataka. Pweza huleta mawindo nyumbani, na mabaki huyatupa mlangoni: magamba ya kaa, nusu za kombe, konokono watupu. Lundo likiwa na maganda ambayo bado yanang'aa na hayajaota mwani, kuna mtu ndani. Pili, tazama mchanga ulio mbele ya mlango. Mara nyingi umefagiliwa, na mawe yamepangwa kwa namna ambayo mawimbi hayapangi.

Ukitulia bila kutupa kivuli juu ya tundu, utaona kitu kinachojifunga na kufunguka polepole kama koo la mtu anayepumua. Ni mrija anaopulizia maji baada ya kuyapitisha kwenye matamvua. Juu yake kuna jicho lenye mboni ya mstari mwembamba uliolala, na mstari huo hubaki umelala hata mwili ukiinama upande. Karibu na jicho ngozi yote imejaa vipele vidogo, rangi ileile ya jiwe lililo jirani, na hata ule ukungu wa mwani ulio juu ya jiwe ameuiga. Ukisogea hatua moja tu, vipele vinazama, ngozi inakuwa laini na nyeupe, na mnyiri mmoja unanyoosha kidole kuvuta jiwe la mlango.

Je, hukaa tundu moja maisha yake yote?

Hapana. Hukaa siku chache au wiki kadhaa, kisha huhama. Akiwa bado na makazi hayo hutoka kuwinda na kurudi palepale, na si lazima apite njia aliyoendea. Yaani hafuati tu alama alizoacha, anaujua mtaa wake.

Anabadilishaje rangi haraka hivyo?

Ngozi yake ina vifuko vidogo sana vya rangi vinavyoitwa kromatofora: vya njano, vya wekundu na vya hudhurungi. Kila kifuko kimezungukwa na misuli midogo inayoendeshwa moja kwa moja na neva kutoka kwenye ubongo. Misuli ikivuta, kifuko kinatanuka na rangi inaonekana. Ikilegea, kinakuwa nukta isiyoonekana. Chini ya vifuko hivyo kuna tabaka za seli zinazorudisha mwanga, ndizo zinazotoa buluu, kijani na weupe. Kinyonga hutegemea kwa sehemu kubwa njia tofauti na ya polepole, hivyo kumfananisha na pweza ni kumpa sifa asiyostahili.

Kasi yake imeshahesabiwa. Watafiti waliomfuata pweza mmoja wa aina hii katika Bahari ya Pasifiki waliandika mabadiliko yapatayo elfu moja ya sura katika saa saba za kuwinda. Na mabadiliko hayo hayaishii kwenye rangi. Huinua vipele na vijipembe vya ngozi, hukunja minyiri, na akipita mahali pa wazi huweza kutembea taratibu akiwa na umbo la jiwe au la bonge la mwani, kwa mwendo unaolingana na mchezo wa mwanga wa maji.

Je, ni kweli haoni rangi?

Ni kweli, kwa kadiri ya ushahidi uliopo. Macho ya pweza wengi yana aina moja tu ya kipokea mwanga, ilhali binadamu wa kawaida ana tatu za kuonea rangi. Anachoona vizuri ni tofauti za mwangaza na mwelekeo wa mawimbi ya mwanga, jambo ambalo sisi hatuliwezi. Namna anavyopatia rangi asiyoiona bado wataalamu wanabishana.

Anakula nini, na anawindaje?

Kaa kwanza, kisha kaa, kisha vingine: kamba, kombe, konokono wa bahari, samaki wadogo, na hata pweza mwenzake akipatikana.

Mbinu anayoipenda ni ya kubahatisha. Anafika kwenye jiwe au kichwa cha tumbawe, anajirusha juu yake na kutandaza utando ulio kati ya minyiri kama mwavuli, mpaka jiwe lote limefunikwa. Ukingo wa utando hugeuka mweupe. Kisha ncha za minyiri huingia kila ufa, zikipapasa, na vikombe vyake vya kunatia huonja kila vinachogusa. Kinachotoka kwa woga kinaangukia kwenye utando. Asipopata kitu anahamia jiwe linalofuata.

Kuna pia lile onyesho linaloitwa wingu linalopita: vivuli vyeusi vinatiririka kutoka kiwiliwilini kwenda mbele hadi kwenye minyiri, huku mwenyewe hajasogea. Inaelekea hufanya hivyo kumshtua kaa aliyeganda, ajisogeze na kujifichua.

Kombe asiyefunguka kwa kuvutwa hutobolewa. Pweza hukwangua gamba kwa ulimi wake wenye meno, akisaidiwa na mate yanayolainisha, hadi apate tundu dogo, halafu huingiza sumu inayolegeza msuli. Ukiokota kombe lenye kitobo kama cha sindano nene, huenda ni kazi yake, ingawa wapo konokono wanaotoboa pia.

Nimesikia huwinda pamoja na samaki, na kwamba huwapiga ngumi. Ni kweli?

Kweli tupu, na ni yeye huyuhuyu. Kwenye Bahari ya Shamu, watafiti wamemrekodi akiongozana na samaki wa aina kadhaa, wakiwemo chewa na wakundaji. Mgawanyo wa kazi una mantiki: samaki huzunguka eneo pana na kuonyesha kulipo na chakula, pweza huingiza minyiri kwenye nyufa ambazo samaki hawafiki. Anayekimbia ufa anakutana na chewa nje. Anayerudi ndani anakutana na pweza.

Ngumi zilitangazwa na watafiti mwaka 2020. Mnyiri mmoja unarushwa ghafla na samaki anasukumwa kando. Mara nyingine inaonekana wazi anamwondoa mshindani kwenye chakula. Mara nyingine hakuna chakula chochote kinachogombewa, na samaki anapigwa tu. Utafiti uliofuata mwaka 2024 ulionyesha kwamba wanaopigwa zaidi ni wale wanaofuatafuata bila kuchangia, hasa chewa mwenye ncha nyeusi kwenye pezi la mgongoni. Sipendi kuwapa wanyama tabia za watu, lakini hapa ni vigumu kutomwona msimamizi wa kazi aliyechoshwa na mzembe.

Nani anamla yeye?

Mkunga, samaki mrefu mwenye umbo la nyoka, ndiye mbaya wake, kwa sababu mwili wake mwembamba unaingia shimo lilelile. Wapo pia chewa wakubwa, mzia, papa na pomboo. Akishambuliwa hujaribu kwanza kutoonekana, kisha hujitanua na kukoza rangi ili atishe, na mwisho hutema wino na kukimbia. Wino si pazia tu. Ndani yake mna kemikali inayosumbua macho na pua za adui. Mnyiri ukikatwa huota tena.

Anaishi miaka mingapi?

Mwaka mmoja na miezi michache. Watu huduwaa wakisikia hivyo, maana mnyama mwenye akili kiasi hiki tulitegemea azeeke.

Maisha mafupi yanadai ukuaji wa haraka. Pweza anayekula vizuri anaweza kuongeza uzito wake maradufu ndani ya mwezi mmoja hivi au zaidi kidogo, hasa akiwa bado chini ya kilo mbili. Kwa hiyo wa nusu kilo aliyeachwa leo, akinusurika miezi miwili au mitatu, ni mnyama mwingine kabisa.

Kwa nini jike hufa baada ya kutaga?

Kupandana hufanyika kwa mbali. Dume ana mnyiri maalumu, wa tatu upande wa kulia, ambao ncha yake imetengenezwa kupeleka vifuko vya mbegu ndani ya kiwiliwili cha jike. Huunyoosha akiwa amekaa kadiri awezavyo mbali, na ana sababu: imeshashuhudiwa jike wa aina hii akimnyonga dume baada ya kupandana naye na kumla.

Kisha jike hutafuta shimo la mwisho, hutundika mashada ya mayai darini, na kujifungia. Mayai ni madogo, milimita tatu hivi kila moja, na idadi yake ni mamia ya maelfu. Kwa takribani mwezi mzima, kutegemea joto la maji, huyapulizia maji safi na kuyafuta uchafu kwa ncha za minyiri. Hali chochote. Mayai yanapoanguliwa yeye ameshakonda, ngozi imepauka, na siku zake zimekwisha. Dume naye hachukui muda mrefu.

Kinachomwua si njaa peke yake. Mwaka 1977 mtafiti Jerome Wodinsky aliripoti kwamba majike wa aina nyingine ya pweza, walipotolewa tezi zilizo nyuma ya macho, waliacha kulea mayai, wakaanza kula tena na kuishi zaidi. Kifo hicho kimepangwa na mwili wenyewe.

Vitoto huenda wapi?

Juu, kwenye maji ya wazi. Vinapoanguliwa ni vidogo kuliko punje ya mchele na havishuki mwambani. Huelea na mikondo kwa wiki kadhaa, vikila viumbe vidogo zaidi na kuliwa na karibu kila kitu, kabla ya kutua kwenye mwamba na kuanza maisha ya kutambaa.

Matokeo yake ni kwamba pweza unayemwona kwenye mwamba fulani huenda mama yake aliishi mbali sana, kijiji kingine au hata nchi nyingine. Hakuna kijiji kinachoweza kujilimbikizia pweza wake kikasema hawa ni wangu.

Je, kufunga mwamba kwa muda, yaani kuzuia watu wasivue pweza hapo, husaidia?

Ndiyo, kwa jambo moja hakika na kwa la pili kwa masharti.

Mfano unaotajwa sana ni wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagascar. Novemba 2004 wanakijiji wakishirikiana na shirika la Blue Ventures walifunga eneo la Nosy Fasy kwa miezi saba. Walipofungua, pweza waliopatikana walikuwa wakubwa zaidi. Vijiji jirani vikaiga, na serikali ya Madagascar ikaweka msimu wa wiki sita bila kuvua pweza. Rodrigues, kisiwa cha Mauritius, kilianza kufunga kwa miezi miwili mwaka 2012. Tanzania pia utaratibu huu umefika, Pemba na Songosongo zikiwemo.

Jambo la hakika ni uzito. Ukimwacha mnyama anayekua kasi hivyo kwa miezi michache, unavuna kilo nyingi zaidi kutoka kwa idadi ileile. La pili, kuongeza kizazi, ni gumu zaidi. Kusini magharibi mwa Madagascar ilipimwa kwamba nusu ya majike hukomaa wanapofikia kilo mbili na robo hivi. Linganisha na uzito wa chini unaoruhusiwa kuvuliwa: gramu 350 Madagascar, gramu 500 Tanzania. Sheria hizo zinawaokoa wadogo kabisa, lakini jike wa kilo moja ni halali kuvuliwa naye hajataga hata yai moja. Ufungaji ukiwa mfupi na ukafunguliwa kabla majike hawajamaliza kulea, mavuno ya siku ya kwanza yatapendeza na kizazi kijacho kitakuwa kimeingia kapuni.

Kuna na tatizo la siku yenyewe ya kufungua. Bamvua, yaani siku ambazo maji hupwa sana, likikutana na habari iliyosambaa, uwanda wa mwamba hujaa watu, na faida ya miezi huondoka kwa asubuhi chache. Vijiji vinavyofanikiwa ni vile vilivyopanga mapema nani aingie na kwa zana gani. Chuma kinachovunja tumbawe ili kumtoa pweza mmoja kinaondoa pia tundu ambalo wengine wangelikalia.

Kupanda kwa joto la bahari kunamwathiri vipi?

Yeye mwenyewe huvumilia kiasi, na katika maji ya joto mayai huanguliwa mapema. Athari kubwa inapitia kwenye matumbawe. Joto likizidi kwa wiki kadhaa, matumbawe hupoteza mwani mdogo unaoishi ndani yake na kubaki meupe, yasipopoa hufa. Mwaka 1998 magharibi mwa Bahari ya Hindi ilipata pigo kubwa la namna hiyo, na la 2016 likafuata. Tumbawe lililokufa halianguki siku hiyohiyo. Kwa muda matundu hubaki, pweza naye hubaki, na watu hudhani hakuna kilichoharibika. Miaka ikipita mifupa ya tumbawe humomonyoka na mwamba hulala chini.

Mvua kubwa pia humsumbua. Pweza havumilii maji yaliyopungua chumvi, kwa hiyo mito ikifurika huyakimbia maeneo ya karibu na midomo yake.

Anaweza kufugwa?

Kumnenepesha aliyekamatwa inawezekana. Kumzalisha na kumkuza kutoka yai ndiko kunakoshinda, kwa sababu ya vile vitoto vinavyoelea: ni vidogo mno, na vinadai chakula hai cha ukubwa sahihi kila siku. Halafu wakiwekwa pamoja hulana.

Ni hatari kwa binadamu?

Si sana. Mate yake yana sumu inayotosha kwa kaa, na kuumwa naye kunaweza kuvimba na kuuma, basi. Usimchanganye na pweza mdogo wa jenasi ya Hapalochlaena, mwenye pete za buluu mwili mzima, anayeishi sehemu za bahari hizihizi na ambaye sumu yake inaweza kumwua mtu. Kanuni nyepesi: usiingize mkono kwenye tundu usilolijua. Hata pweza asipokuwemo, huenda mkunga yumo.

Ana mioyo mitatu na akili tisa?

Mioyo mitatu, ndiyo: miwili husukuma damu kwenye matamvua, mmoja kwenye mwili. Damu ni ya buluu kwa sababu hubeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma. Akili tisa ni chumvi ya mitandaoni. Ubongo ni mmoja, ila sehemu kubwa ya seli za neva ziko kwenye minyiri, na kila mnyiri unaweza kuamua mambo madogo wenyewe.

Tofauti yake na ngisi na dome ni ipi?

Pweza ana minyiri minane na hana mfupa. Ngisi na dome wana minane pamoja na miwili mirefu ya kunasia. Ngisi ni mwembamba, huogelea maji ya wazi, na ndani ana kiunzi chembamba kinachopitisha mwanga. Dome ni mpana na ndani ana kibao cheupe chepesi kama chaki, kile kinachookotwa ufukweni mara kwa mara.